Chaneli ina wafuasi 18,000 lakini hakuna anayetazama wala kukomenti, naomba ushauri

Mwanga_Simu: Wakuu, habari zenu. Nina chaneli ya YouTube ya kufundisha ufundi simu: kubadili kioo, mfumo wa chaji, simu iliyoingia maji. Wafuasi ni 18,000. Nikipandisha video, wiki inaisha haijafikisha watazamaji 60. Maoni ni ya shemeji na jirani tu. Nimebadilisha kamera na maiki, usingizi sipati. Nifanyeje watu wachangamke? Natanguliza shukrani.

Chekibobu: Komaa mkuu, mvumilivu hula mbivu.

MamaPili: Vijana mnapenda vya haraka. Mpwa wangu aliacha masomo kwa ajili ya hizi hizi video, sasa analala mchana kutwa na kumsalimia mtu hataki. Tafuta kazi, mwanangu.

Kisogo: Ingia YouTube Studio, tazama mchoro unaoonyesha watu wanaondokea wapi. Mchoro ukiporomoka ndani ya sekunde 30 za mwanzo, salamu zako ni ndefu. Anza simu ikiwa imeshafunguliwa. Mwishoni usiseme "komentini", uliza swali moja lenye jibu: simu yako ilipoingia maji, ulifanya nini kwanza? Ila hao 18,000 uliwapataje?

Mwanga_Simu: Tusitoke kwenye mada mkuu. Ni watu halisi.

Kisogo: Mada ndiyo hiyo. Uliwapataje?

Mwanga_Simu: Haya. Chaneli niliinunua, ilikuwa ya katuni za watoto. Nikafuta video zake, nikabadili jina. Sioni ubaya, hata duka hununuliwa na wateja wake. Na kuna nyingine ya wafuasi 60,000 nimeshaitolea malipo ya awali.

Pangu_Pakavu: 😂😂 Wateja wa pipi unawauzia bisibisi!

Kisogo: Ndiyo shida yenyewe. Mtoto akionyeshwa video ya kuchomelea waya anaipita, na YouTube inausoma huo upitaji. Halafu kagua mipangilio: chaneli za katuni huwekwa kuwa ni za watoto. Ikiwa hivyo, tangu 2020 sehemu ya maoni hufungwa, na kengele ya taarifa nayo haifanyi kazi.

Mwanga_Simu: Nimekagua. Kweli imewekwa hivyo, kwenye video zote.

Nyuki_Mkali: Hii ni chai! Maoni yakifungwa, yanafungwa kwa kila mtu. Shemeji na jirani waliandika wapi? Huyu ni dalali wa chaneli anapima soko. Subirini kesho atuletee bei ya hiyo ya 60,000.

MamaPili: Nilishanusa tangu mwanzo.

Mwanga_Simu: Jamani, walinitumia WhatsApp baada ya kutazama. Mimi si dalali!

Nyuki_Mkali: Sasa yamekuwa ya WhatsApp. Haya.

Kisogo: Dalali gani anatangaza kwamba mali haina watazamaji? Mwanga, fungua chaneli mpya ya ufundi tupu. Mgawo kamili wa mapato ya matangazo unataka wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, na saa za Shorts, zile video fupi, hazimo. Hao wachache wanaokutazama waombe wahamie huko. Mia wanaopenda bisibisi watakufaa kuliko elfu 18 wanaosubiri katuni.

Mwanga_Simu: Kuanza sifuri siwezi mkuu. Mpangilio nimeshaubadilisha. Na malipo ya awali hayarudishwi. Hiyo nyingine ilikuwa ya mapishi, wafuasi wake ni watu wazima na simu wanazo. Hapo mnasemaje?

Pangu_Pakavu: Weka simu kwenye sufuria 😂

Kisogo: Usimalizie malipo.