Toyota IST: kazi zipi nifanye mwenyewe nyumbani na zipi nimwachie fundi?

KijanaWaTabata

Wakuu habari za jioni. Gari ni IST ya 2004, injini 1NZ-FE, otomatiki, kilomita 148,000. Ni Tabata–Posta kila siku, foleni mnaijua. Nataka matengenezo madogo niyafanye mwenyewe. Nyumbani kuna sakafu ya zege na taa ya kutosha.

Kazi zipi zinaokoa hela kweli? Vifaa vya kuanzia ni vipi? Halafu kuna mawili ya haraka: breki za mbele zinakwaruza kama chuma kwa chuma, na asubuhi injini ikiwa ya baridi inamisi kidogo (inakatakata, kama silinda moja haichomi), ikipata moto inatulia. Wajuzi shusheni nondo.

Spana14

Anza na breki, leo au kesho. Kumisi kutasubiri.

Kuhusu hela tuwekane sawa. Ufundi hapa Bongo ni wa bei ya chini, kwa hiyo kumkwepa fundi peke yake hakukutajirishi. Hesabu za Ulaya, ambako saa moja ya fundi inazidi bei ya pedi zenyewe, usizilete huku. Hela yetu inapotelea kwenye vifaa: oili ya dumu lisilojulikana limetoka wapi, filta feki, na ile "tubadilishe hiki kwanza tuone", unanunua koili (za kupeleka umeme kwenye plagi) nne kumbe mbovu ni moja. Ukishika spana mwenyewe, unajua nini kimeingia kwenye gari.

Vifaa: jeki ya troli ya tani 2 (ile ya kwenye buti ni ya pancha tu), stendi mbili za jeki, seti ya boksi 8 hadi 24 na racheti yake, wili spana ya 21, brashi ya waya, klampu ya seremala. Ukiweza ongeza spana ya kupimia mkazo. Wengi wanairuka hiyo, ndiyo maana bolti zinakatika.

Sasa pedi. Badilisha kushoto na kulia kwa pamoja, lakini fungua upande mmoja umalize ndipo uhamie wa pili. Ule mzima utauangalizia ukisahau kitu kinakaaje, na kwa vyovyote usikanyage breki wakati kalipa (kibano kinachokandamiza pedi) iko wazi, pistoni itachomoka.

Legeza nati za tairi kabla hujanyanyua. Hendibreki juu, gia kwenye P, mawe nyuma ya matairi ya nyuma. Jeki inakaa kwenye ukingo wa bodi nyuma ya tairi la mbele, katikati ya vikato viwili. Ukiiweka pembeni yake unabonyeza bati. Stendi ikishakaa ndipo mkono uingie.

Fungua bolti ya chini ya kalipa, namba 14, kalipa inainuka juu kama mfuniko wa sanduku. Ukiitoa kabisa ifunge kwa waya kwenye springi. Ikining'inia kwa mpira wa breki, mpira unachanika kwa ndani na hutauona. Chungulia kichupa cha mafuta ya breki: yakiwa yamefika MAX yapunguze kwa bomba la sindano, maana pistoni ikirudi ndani yanapanda na kumwagika, na yanakula rangi. Yakidondoka kwenye bodi osha na maji papo hapo. Weka pedi kuukuu juu ya pistoni, kaza klampu polepole mpaka irudi yote. Ikigoma usilazimishe. Kuna kutu, na hapo kalipa inahitaji kufunguliwa.

Kazi nyingi za kando ya barabara zinaharibikia kwenye pini. Pedi mpya zinabandikwa, pini ambazo kalipa inateleza juu yake haziguswi. Zichomoe zote mbili, futa, angalia vimpira vyake havijapasuka, paka grisi ya silikoni. Grisi ya kawaida ya bearingi inavimbisha mpira, pini inanata, pedi moja inaisha peke yake. Pima pedi zako kuukuu: ya ndani ikiwa na milimita 2 na ya nje 7, shida yako ni pini au pistoni, na pedi mpya zitakwisha hivyo hivyo.

Diski imeandikwa unene wa chini kabisa, tafuta neno MIN. Kama chuma kimeshakula chuma, pitisha kucha juu yake. Mifereji mirefu au unene uliopungua chini ya hapo ni diski mpya, usisage. Sehemu pedi zinapokalia piga brashi ya waya. Uso wa pedi na diski usiguswe na grisi hata tone.

Bolti ya kalipa kaza 34 Nm (Nm ndiyo namba ya kwenye spana ya kupimia mkazo). Nati za tairi 103 Nm, kwa kuvuka katikati, si kwa kuzunguka. Kabla hujatoa gari, pampu pedali mpaka iwe ngumu. Mara ya kwanza itazama hadi chini, na watu wamegonga ukuta wa uani kwao kwa kusahau hilo. Kisha barabara tupu: kutoka 50 hadi kama 10 kwa saa, mara kumi hivi, bila kusimama kabisa, ukiacha mwanya kidogo zipoe. Baada ya kilomita 50 hadi 100 rudia kukaza nati za tairi.

DadaBoneti

Naongezea sevisi ya oili, kazi rahisi kuliko zote na ndiyo yenye vifaa feki vingi.

1NZ-FE inameza lita 3.7 ukibadilisha na filta, 3.4 bila filta. Ukinunua galoni la lita 4 inabaki ya kuongezea, kwa hiyo usimimine yote "isibaki". Ikizidi MAX, kranki inaichapa inakuwa povu, na povu halilainishi kitu.

Washa injini dakika tatu hadi tano ipate uvuguvugu, zima, nyanyua, weka stendi. Fungua kifuniko cha juu kwanza oili ishuke vizuri. Nati ya sampu (bakuli la oili chini ya injini) ni 14. Itoe ukiwa umeisukuma kwa juu, isikumwagikie mkononi. Vaa glavu, oili iliyotumika haifai kwenye ngozi. Iache idondoke mpaka iwe tone tone. Ringi bapa (washa) ya nati weka mpya kila sevisi, kaza 38 Nm basi. Ukichomeka bomba kwenye spana "ikaze vizuri" unakula hesi (mizunguko ya skrubu) za sampu, na utakuwa na kidimbwi chini ya gari kila asubuhi.

Filta ya Toyota ni 90915-YZZE1. Ukitoa ya zamani hakikisha mpira wake umetoka nayo. Ukibaki kwenye bloku na ukafunga mpya juu yake, mipira inakuwa miwili, oili inaruka yote ndani ya dakika chache. Mpya paka oili kwenye mpira, zungusha kwa mkono hadi iguse, ongeza robo tatu ya mzunguko. Spana ya filta ni ya kufungulia tu.

Dalili ya filta feki: kila asubuhi injini inagonga sekunde kadhaa kabla ya kutulia, kwa sababu vali ya mpira ndani haizuii oili kurudi chini usiku.

Kwa foleni na vumbi vyetu, badilisha kila kilomita 5,000. Oili chafu usimwage mtaroni. Irudishe kwenye galoni, gereji nyingi zina pipa lake.

Mzee_Gia

Umeeleza vizuri dada, ila hujataja namba ya oili (uzito wake). Gari ya kilomita 148,000 kwa joto la Dar, mwambie aweke 20W-50 asihangaike.

DadaBoneti

Shikamoo mzee. Hapo tutatofautiana. Hii injini ina VVT-i (mfumo wa kubadili muda wa vali kufunguka), inayosukumwa na presha ya oili kupitia vali yenye chujio dogo. Oili nzito inachelewa kufika juu wakati wa kuwasha, na kusagika kwingi kunatokea hapo hapo. 5W-30 au 10W-30 ndiyo yake. Kama inakunywa oili kati ya sevisi, apande 10W-40. 50 ni kuficha ugonjwa.

Mzee_Gia

Marahaba. Kwa VVT-i nakubali, za zamani tuachieni sisi.

Koili_ya_Tatu

Kumisi kwa baridi: anza na plagi. Fanya injini ikiwa imepoa kabisa, kichwa ni aluminiamu, na cha moto kinakula hesi. Koili zimeshikwa na bolti za 10. Chomoa soketi kwa kubonyeza ulimi wake. Plastiki ya umri huu inavunjika ukivuta waya. Kabla ya kutoa plagi puliza vumbi kwenye shimo, lisiingie silinda.

Boksi ya plagi ni 16 yenye mpira ndani. Mwanya ni milimita 1.1. Plagi ikianguka sakafuni ipime upya, mwanya umeshafunga. Ianze kwa mkono mpaka mwisho, kisha 18 Nm; huna kipimo, ikigusa ongeza nusu mzunguko kwa plagi mpya.

Zisome ulizozitoa. Kahawia hafifu ni salama. Nyeusi kavu, mafuta mengi au hewa kidogo, angalia filta ya hewa. Imelowa oili kwenye ncha, shida ni ringi za pistoni au sili za vali. Oili ikiwa nje tu, ndani ya shimo la plagi, ni gaskiti ya kava ya vali pamoja na mipira ya mashimo. Hiyo gaskiti unaweza kuibadilisha mwenyewe.

Bado inamisi? Usinunue koili nne. Hamisha koili ya silinda 1 (upande wa mikanda) iende ya 3. Kama mashine ya kusoma hitilafu ilikuwa inasoma P0301 (silinda 1 inamisi) na sasa inasoma P0303 (silinda 3), umemkamata. Vifaa vidogo vya kusomea hitilafu vya ELM327 haviongei na baadhi ya gari za Japani za miaka hiyo. Kikigoma, zima, chomoa soketi ya koili moja, washa usikilize, rudia kwa kila moja. Ambayo ukiichomoa mngurumo haubadiliki, ndiyo silinda inayolala.

KijanaWaTabata

Asanteni sana wakuu. Nimechungulia, kashimo kamoja ka plagi kana oili. Breki nazifanya Jumamosi. Na vya kumwachia fundi?

Spana14

Basi agiza gaskiti ya kava na mipira yake seti moja. Koili iliyolowa ifute, isipopona ndipo ununue.

Vya kuacha: gesi ya AC, chochote chenye waya wa njano wa eabegi, pampu ya mafuta ndani ya tangi, springi za shokapu kama huna klampu zake. Rejeta unaweza, ila usifungue mfuniko ikiwa ya moto, na usijaze maji ya kisima. Mengi ya Dar yana chumvi na yanakula aluminiamu.

Gia: ya kwako si CVT (otomatiki isiyo na gia za hatua), ni otomatiki ya gia nne, oili yake ATF Type T-IV. Muuzaji akikupa ya CVT kwa kuwa "zote ni za otomatiki", rudisha. Na akitokea wa kukuuzia mkanda wa taimingi wa 1NZ, hiyo injini ina cheni.