Tupeane uzoefu: sikukuu mjini na umati wake

Mama Pacha, Unguja
Wenzangu, Idi mubarak. Kila mwaka naapa sikukuu mosi sitoki, na kila mwaka watoto wakishapata mkono wa Idi hawanipi raha. Safari hii daladala ilitushusha Michenzani, konda akasema mbele hapapitiki, tukakata kwa miguu mpaka Mnazi Mmoja.

Pale huendi utakako, unasukumwa tu. Moshi wa mishikaki machoni, filimbi za plastiki masikioni. Nimemshika mkono binti yangu wa miaka mitano, nainama nimuulize kama anataka askirimu, kumbe si wangu! Gauni lile lile la waridi lenye shanga kiunoni, mtoto wa watu, ananitazama tu, hata kulia hajaanza. Nikambeba mbio hadi kwa wenye kipaza sauti. Nawaeleza: gauni la waridi, shanga kiunoni. Kijana akanambia, "Mama, wa hivyo ninao watatu hapa." Bila shaka sote tulinunua Darajani usiku mmoja, pengine meza moja! Wangu alikuwa kakaa katikati, mdomo mwekundu kwa ubuyu. Yule niliyembeba, mama yake kashafika, analia kuliko mtoto.

Haya, na nyie mliponaje?

Wa Wete
Pole dada. Sie huku Pemba kuingia kiwanja cha Tibirinzi, kule Chake Chake, si tabu, tabu kurudi. Gari za Wete zimekwisha, tumesimama njiani viatu mkononi, mpaka jamaa mmoja akatuhurumia. Gari yake ya mkaa. Na mie nimevaa kanzu nyeupe, yakhe.

Mzee wa Jang'ombe
Yangu si Idi. Ni Januari 12, 2024, Mapinduzi yanatimiza miaka 60, na uwanja wa Amaan ndiyo kwanza umetoka kwenye ukarabati. Nimesali Alfajiri nikaenda moja kwa moja, nikapata kiti cha kuliona gwaride sawasawa. Kilichoniponza chupa mbili za maji. Vikosi vinapita kwa mdundo, mie nimebana miguu, mwisho nikashindwa. Nikaacha kofia yangu juu ya kiti, nikamuusia jirani. Narudi, kofia ipo, imo kichwani mwa mtu, naye kakaa!

Shangazi
Mie sikukuu mosi nalala. Naenda sikukuu nne, watu wameshachoka na pesa zimewaishia.

Bi Hina
Mama Pacha, mwakani usihangaike na kipaza sauti. Mie usiku wa kuamkia Idi, nikimtia mwanangu hina, kwenye kiwiko cha mkono namwandikia namba yangu ya simu, naizungushia maua isionekane vibaya. Alipotea Forodhani, haijafika robo saa nikapigiwa. Tatizo hina haitoki upesi. Wiki mbili nzima ustadhi wa chuoni, mtoto akichelewa kidogo tu, anamfunua mkono ananipigia.