Mama kapata kiharusi: nimlete Dar, abaki Urambo na dada wa kazi, au ahamie Tabora mjini?

kifungua_mimba

Wakuu, heshima kwenu. Naomba mnisaidie kupima hili jambo, kichwa kimechoka.

Mama ana miaka 73, anaishi Urambo na mjukuu wa darasa la sita. Mwezi wa nne alianguka jikoni. Kiharusi. Upande wa kulia wote ukalala na maneno yakapotea. Kalazwa wiki tatu, juzi katoka. Anakula kwa kulishwa na anaelewa kila tunachosema, ila akitaka kuongea linatoka neno moja tu, "maji", hata kama anachotaka ni shuka.

Tuko wanne. Mimi niko Dar. Anayenifuata ni dada, mwalimu Tabora mjini, anakaa Cheyo. Mwingine yuko Kahama mgodini, na wa mwisho bado anajitafuta.

Nimepanga hivi:

Dar: hospitali kubwa ziko karibu na nina chumba cha ziada. Mke wangu anatoka saa kumi na moja alfajiri kwenda kazini, mimi saa kumi na mbili. Muuguzi wa kuja nyumbani kila siku nimetajiwa bei inayozidi nusu ya mshahara wangu.

Urambo: abaki kwake, tumtafutie dada wa kazi kwa 120,000 kwa mwezi na chakula. Yuko na majirani zake na kanisa lake la Moravian.

Tabora mjini: aende kwa mdogo wangu Cheyo, hospitali ya mkoa ya Kitete ni karibu kwa kliniki na mazoezi.

La nne naliandika kwa aibu. Yule wa Kahama kauliza kwa nini asipelekwe makao ya wazee Ipuli, serikali imtunze.

Kwa pesa, Urambo ndiyo nafuu. Mnasemaje?

mwembe_wa_Isevya

Pole sana mkuu. La Ipuli lifute tu, hata ukiweka aibu pembeni. Yale si makao ya kupeleka mzazi mwenye watoto wanne wenye kipato. Yapo kwa wazee wasio na ndugu wala msaada, na mtu anaingizwa kupitia ustawi wa jamii baada ya kuchunguzwa. Makao ya Kibirizi kule Kigoma ni hivyo hivyo. Utafika pale, swali la kwanza litakuwa: "Ndugu zake wako wapi?" Utajibu uko Dar una chumba cha ziada?

Urambo nayo naiogopa, na nitasema wazi kwa sababu ni kwetu. Bibi mzee, mdomo umepinda, hasemi, yuko ndani na mtoto. Wapo watakaosema karogwa, wataleta mganga na dawa za presha zitawekwa kando. Wapo watakaosema yeye ndiye mchawi. Bibi zetu wamepoteza maisha kwa macho mekundu tu, ambayo ni moshi wa kuni wa miaka hamsini. Majirani wazuri wapo, lakini usiwategemee hao peke yao.

nesi_mstaafu

Mwanangu, nimesoma mpango wako mara mbili. Mchana wote umeupanga. Usiku hukuupanga.

Mgonjwa aliyelala upande mmoja anatakiwa ageuzwe kila baada ya saa mbili. Mchana na usiku. Saa nne, saa sita, saa nane, saa kumi. Asipogeuzwa, angalia makalio, nyonga na visigino: utaona wekundu ambao ukibonyeza haupotei. Hapo kidonda kimeshaanza, na kidonda cha kulalia kinaweza kumuua mtu ambaye kiharusi kilimwacha. Sasa huyo dada wa 120,000, ambaye mchana kafua, kapika, kalisha na kumpeleka mjukuu shule, ndiye ataamka saa nane? Ataamka wiki ya kwanza. Wiki ya tatu atalala kama gogo, na si kosa lake.

Kwa hiyo usiulize mji gani. Uliza kila mji una watu wangapi wa zamu. Chini ya wawili usianze.

Mengine ya haraka, mwambie yeyote atakayekaa naye. Wasimnyanyue kwa kuvuta mkono uliopooza, bega linateguka. Alishwe akiwa amekaa wima, kijiko kidogo kidogo, na asilazwe hapo hapo baada ya kula, angalau nusu saa. Kama maji yanampalia, uji mzito kidogo unapita salama kuliko maji matupu. Dawa za presha hazikatwi kwa sababu "anaonekana mzima", kiharusi cha pili huja hivyo. Na mazoezi yaanze sasa, miezi hii ya mwanzo ndiyo mwili unarudisha zaidi.

La mwisho nakuuliza kama mama yako: ukimpeleka Dar, mke yuko kazini, akijichafua kabla hujatoka, wewe kijana wa kiume ndiye utamwogesha?

mtoto_wa_Gungu

Mimi nilimchukua mama Ujiji nikamleta Dar baada ya kuvunjika nyonga. Hospitali ilikuwa dakika kumi na tano, kweli. Lakini mama alikaa anatazama ukuta. Hamjui mtu, hakuna anayepita kusema hodi, chakula chenyewe anasema samaki wa huku hana ladha, anataka mgebuka. Akaanza kukataa kula. Mwezi wa tano nikamrudisha kwa treni, siku ya pili tu akaomba atolewe nje akae barazani. Akikosea kutembea wapo watu kumi wa kumkemea.

Daktari wa mifupa Kigoma hatukumpata kila tulipomtaka, sitaki kudanganya. Lakini mama alikula.

babu_wa_Sikonge

Msimtishe na Dar. Baba yangu nilimleta kutoka Sikonge akiwa hoi, sasa anatembea kwa fimbo. Tofauti ni kwamba mke wangu ana duka hapo hapo mlangoni, anashinda nyumbani. Mtoa mada nyumba yake inabaki tupu tangu alfajiri. Dar ya nyumba tupu haina tofauti na Urambo ya nyumba tupu, ila kodi ni kubwa.

karani_wa_bima

Nachangia upande wa makaratasi tu.

Dada yako mwalimu anakatwa NHIF, bima ya afya ya taifa. Mchangiaji anaandikisha mwenza na wategemezi hadi wanne, na mzazi anaingia humo. Kama nafasi hazijajaa watoto, mama aingizwe. Kama zimejaa, angalia na nyie wengine mlioajiriwa.

Pia nendeni kwa mtendaji mkaulize kitambulisho cha matibabu bure kwa wazee. Sera ya wazee ya 2003 inamtambua mzee kuanzia miaka 60, na msamaha ni kwa asiye na uwezo. Wengine tumeshaonja: daktari unamwona bure, dawa unaambiwa ukanunue nje. Kwa hiyo kitambulisho kiwepo, pesa ya dawa nayo iwepo.

Bima haimlipi dada wa nyumbani wala hainunui pempasi za watu wazima. Hizo wekeni kwenye hesabu yenu, ni nyingi kuliko unavyodhani.

mwali_wa_Nzega

Nimesoma yote, ngoja niseme ninachokiona. Kaka kaandika "aende kwa mdogo wangu Cheyo". Mdogo wako umemuuliza?

Mimi ndiye mdogo wa kike kwenye familia yetu. Kaka zangu walikaa kikao bila mimi, wakaafikiana baba aje kwangu "kwa sababu uko karibu na hospitali". Mwaka mmoja na miezi saba. Walituma pesa miezi mitatu ya mwanzo, kisha zikawa salamu. Nikipiga simu kuomba naonekana mlalamishi. Baba alipofariki walifika wote, kila mmoja na shada lake.

Sisemi nanyi ndivyo mlivyo. Nasema mwalimu ana madaftari ya kusahihisha, ana watoto, na saa nane za usiku za nesi ni zake.

kifungua_mimba

Nimerudi, samahani kwa ukimya, nilisafiri.

Dada Nzega, nakiri sikuwa nimemuuliza. Nilimpigia jioni ile ile. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema atampokea mama kwa masharti, akayataja kama anasoma orodha ya mahudhurio. Wahudumu wawili, mmoja wa mchana na mmoja wa usiku, yeye si mmojawapo. Pesa iingie tarehe moja na si "tukipata". Likizo za shule mimi nakuja wiki mbili ili naye aondoke. Yule wa Kahama kakubali analipa wa usiku. Nimemwambia aandike kwenye kundi la familia, ameandika.

Na mama tulimuuliza pia. Mtu wa mazoezi alitufundisha: mkono wa kushoto, akibana mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana. Nikamtajia Dar, akabana mara mbili kwa nguvu mpaka nikaumia. Urambo akabana mara moja. Cheyo hakubana. Nikamwambia ni mpaka atakapoweza kukaa mwenyewe, na nyumba yake haitapangishwa. Akabana mara moja, taratibu.

Tumemhamisha Jumamosi. Wa usiku ni mama mtu mzima wa Ng'ambo, aliwahi kumuuguza mumewe. Anaweka kengele ya simu kila saa mbili.

Bado tunatafuta kitanda cha kuinuka kichwani kama vile vya hospitali, anayejua kilipo Tabora hata kilichotumika aniambie. Kwa sasa tumeinua kile cha mbao kwa matofali, wanaomhudumia wasivunjike migongo.

nesi_mstaafu

Matofali ni sawa. Ila kwa kuwa kimekuwa juu, kisukumeni upande mmoja uguse ukuta, na upande wa wazi mtandike godoro la chini usiku. Kisigino cha kulia umekiangalia leo?