Je, Mkristo anayelia msibani amekosa imani?

Mwanakwaya, Moshi:
Bwana asifiwe, wapendwa. Tangu tulipomzika baba, baadhi ya washarika humkataza mama yangu kulia, wakisema kwamba machozi ni dalili ya kukosa tumaini la ufufuo. Je, Maandiko yanafundisha hivyo?

Mwinjilisti:
Poleni sana, wewe na mama. Hayafundishi hivyo hata kidogo. Katika Yohana 11, Yesu alimwambia Martha kwamba yeye ndiye ufufuo na uzima, akijua kwamba muda mfupi baadaye angemwita Lazaro, ndugu ya Martha aliyekufa, atoke kaburini, na hata hivyo alipomwona Mariamu, dada yao, akilia, naye alilia. Anayemnyamazisha mjane anamdai imani ambayo Bwana mwenyewe hakuidai.

Mzee wa Kanisa:
Naongeza 1 Wathesalonike 4:13. Paulo hakuwakataza Wathesalonike kuhuzunika, bali kuhuzunika kama wengine wasio na matumaini; tena sababu anayoitoa si kwamba kifo ni kitu kidogo, maana katika 1 Wakorintho 15 anakiita adui wa mwisho, bali kwamba Yesu alikufa akafufuka, na waliolala katika yeye Mungu atawaleta pamoja naye.

Mama wa Jumuiya:
Mwanangu, matanga yakishaanuliwa wageni huondoka, na hapo ndipo upweke humlemea mfiwa. Kaa na mama jioni, msali pamoja, na akitaka kumzungumzia mumewe, mwache azungumze hata kama atalia.