Binti yetu wa kidato cha pili anataka kusimama mstarini aseme mwenyewe kwamba ana VVU, tumruhusu?

Mama Mdogo:

Wakuu habari zenu. Naomba mnisome mpaka mwisho maana hili jambo limeninyima usingizi na nyumbani tumegawanyika. Naishi na binti wa marehemu dada yangu, ana miaka 15, yuko kidato cha pili shule ya kutwa. Alizaliwa na maambukizi. Dawa anameza tangu mdogo kabisa na hali yake anaijua tangu akiwa darasa la nne, mimi na nesi ndo tulikaa nae tukamwambia, siku hiyo alilia sana, kesho yake asubuhi akaniuliza kama bado anaruhusiwa kucheza netiboli. Huyo ndo mtoto ninaemzungumzia.

Sasa muhula huu kuna mtu kamuona CTC, ile kliniki ya dawa za VVU, akapeleka maneno shuleni. Ikaanza minong'ono, baadae aliekuwa anakaa nae dawati moja akahama, kikombe alichonywea bombani hakuna anaekigusa tena, hadi netiboli yenyewe wakawa hawampi mpira wakati wote wanajua yeye ndo mfungaji. Wiki iliyopita mmoja akamwambia mbele ya darasa kwamba mama yake alikufa kwa umalaya. Alirudi nyumbani hajalia, akavua viatu akakaa, akaniambia mama mdogo mi nimechoka kusemwa, nataka nisimame mstarini niseme mwenyewe, wakishasikia kwangu watakuwa hawana cha kunong'ona.

Hilo wazo kalitoa kwenye klabu ya vijana kliniki, walisimuliwa habari za Nkosi Johnson wa Afrika Kusini, yule mtoto wa miaka 11 aliehutubia Durban Julai 2000 kwenye ufunguzi wa mkutano wa kimataifa wa ukimwi, ukumbi umejaa maelfu ya watu na rais Mbeki kahudhuria ufunguzi huo huo, na katoto kadogo kamevaa suti kanasema tutunzeni na mtukubali, sisi sote ni binadamu, tuna mikono, tuna miguu, tunatembea, tunaongea, msituogope. Binti ameyakariri hayo maneno yote, jikoni anayasema.

Baba yake mkubwa amesema marufuku, ataharibu maisha yake. Bibi yake anasema mwacheni mtoto aseme, wenye aibu ni wao. Mimi nimebaki katikati. Waliowahi kupitia hili au wataalamu naombeni ushauri, tafadhali msiniandikie matusi.

Kijana wa Tabata:

Pole sana dada yangu na hongera kwa kumlea mpaka hapo. Mimi nipo upande wa baba mkubwa na nitakwambia kwa nini. Neno likishatoka halirudi. Shule ya siku hizi sio ya zamani, kuna simu zimefichwa kwenye mabegi, dakika tano tu video iko kwenye magrupu ya mtaa mzima, na hao watoto watamaliza kidato cha nne watasambaa huko vyuoni na makazini na ile video itakuwa inamfuata. Leo ana miaka 15 na ana hasira, akiwa na miaka 25 anatafuta mchumba je? Ushujaa wake naukubali kabisa, ninachoogopa ni kumpa mtoto uamuzi ambao hata watu wazima tumeshindwa, wangapi humu tuna ndugu walikufa na hatukuwahi kutaja ugonjwa, tunasema alirogwa au ilikuwa malaria.

Nesi wa Zamu:

Mama Mdogo shikamoo, nafanya kazi CTC na vijana balehe ndo watu wangu wa kila Jumamosi kwa hiyo ngoja nikujibu kwa kirefu.

La kwanza kabla ya mstarini na hotuba, swali ninalouliza mimi ni moja, je anameza dawa? Maana kinachoniumiza kwenye kazi hii ni kwamba unyanyapaa unawamaliza hawa watoto kwa mlango wa nyuma. Mtoto akianza kusemwa shuleni anaanza kuichukia dawa, anaificha, anaruka siku, anakwambia nimemeza kumbe imeenda chooni, mwisho kipimo cha wingi wa virusi kinarudi juu na tunahangaika kumbadilishia. Huyu wa kwako kama pamoja na dharau zote hizo bado anameza kila siku basi ushujaa anao tayari na haujaanza leo. Mwambie hivyo kwa mdomo wako, wengi hawajawahi kuambiwa.

La pili, siri ya afya yake ni ya kwake. Tanzania tuna sheria ya ukimwi ya mwaka 2008 inayokataza kutoa siri ya mtu kuhusu VVU na inakataza kumnyanyapaa na kumbagua. Mkuu wa shule anatakiwa ajue kwamba kilichofanyika darasani kwake kina jina kisheria, sio utoto tu. Na kama siri ilitoka kwa mtumishi wa kliniki hilo ni kosa kubwa zaidi, nenda kwa mfawidhi wa kituo ukaseme, usiogope.

La tatu kuhusu Nkosi. Watu wanaikumbuka Durban 2000 wanasahau 1997. Gail Johnson, yule mama aliekuwa anamlea, alipoenda kumwandikisha shule ya msingi Melpark pale Johannesburg alikuta fomu inauliza kama mtoto ana ugonjwa wowote, akaandika ndiyo, ukimwi. Shule ikatetereka, wazazi wakaitwa kikao, nusu wanakubali nusu wanakataa, na mwaka huo huo mama yake mzazi Nkosi akafariki. Huyo mama mlezi hakukubali, suala likawa la taifa, mwisho Nkosi akaingia darasani na ikawa wazi kwamba shule haiwezi kumkataa mtoto kwa sababu hiyo. Kwa hiyo alipopanda jukwaani miaka mitatu baadae alikuwa na mtu mzima nyuma yake aliekwisha pigana vita, na walimu na wenzie walikwisha zoea. Na hotuba yake haikuwa kujitangaza tu, alikuwa na dai, alitaka serikali iwape dawa wajawazito wenye virusi ili watoto wasizaliwe kama yeye. Alifariki tarehe 1 Juni 2001 akiwa na miaka 12. Mwaka uliofuata mahakama ya katiba ya kule ikaiamuru serikali itoe dawa hiyo, nevirapine, kwa akina mama hao. Sisemi ni yeye peke yake, wanaharakati walipambana sana mahakamani, ila sauti yake ilikuwemo.

Sasa jiulize binti yako akishuka pale mstarini nani atakuwa amesimama nyuma yake? Kama jibu ni hakuna basi bado. Kama jibu ni mimi, mkuu wa shule, mwalimu wa malezi na nesi, tuendelee kuzungumza.

Mzaliwa Nao:

Nimesoma nikatetemeka maana huyo mtoto ni mimi. Nilizaliwa nao, nimesoma bweni, na mnaosema ushujaa sijui kama mnajua bweni lilivyo. Vidonge kwenye kopo vinagonga, ukitembea vinasema chwa chwa chwa, nilikuwa naweka pamba ndani ya kopo vitulie. Saa tatu usiku kila mtu yuko kitandani we unatafuta sababu ya kwenda chooni na kikombe cha maji. Kila siku. Likizo ikifika unapumua.

Mimi sikusimama mstarini. Nilimwambia rafiki mmoja tu, tulikuwa tunafua, nikamwambia huku naangalia beseni. Alinyamaza kidogo akaniuliza we ndo maana unaendaga chooni na kikombe? Kuanzia hapo saa tatu ikifika yeye ndo ananikonyeza. Mpaka leo tuko pamoja na amesimamia harusi yangu. Ndiyo nimeolewa, mume wangu anajua tangu mwanzo, yeye hana, virusi vyangu havisomeki kwenye kipimo kwa hiyo simwambukizi, na mtoto wetu kapimwa mara zote yuko salama. Kijana wa Tabata umeuliza mchumba je, basi ndo hivyo, tunapendwa na tunaolewa.

Kwa binti: mdogo wangu, huna deni la kumwelezea mtu. Ukitaka kusema sema kwa sababu wewe umetaka, usiseme ili wao wanyamaze, kwa sababu wanaweza wasinyamaze, na ukiwa ulisema ili wanyamaze utaumia mara mbili. Na kuhusu lile neno la mama yako, hilo sio lazima ulijibu mstarini. Mama yako alikuzaa akakupenda.

Msomaji wa Moshi:

Nachangia kitu kimoja kwa sababu nesi amegusa. Kuna kijana wa Marekani aliitwa Ryan White, wa mji wa Kokomo jimbo la Indiana. Alikuwa na ugonjwa wa damu kutoganda, hemofilia, akaambukizwa kupitia dawa iliyotengenezwa kwa damu za watu, Desemba 1984 akaambiwa ana ukimwi akiwa na miaka 13, madaktari wakampa kama miezi sita. Alichotaka yeye ni kurudi shule tu. Shule ikamkatalia, kesi mahakamani, wazazi wa wenzie wanasaini karatasi asirudi. Alikuwa anasambaza magazeti nyumba kwa nyumba, wateja wakakatisha. Kanisani watu hawakumpa mkono. Mwisho nyumba yao ikapigwa risasi dirishani, familia ikahama.

Mwaka 1987 akaanza shule nyingine jimbo hilo hilo, Hamilton Heights, na huko alipokelewa vizuri, wanafunzi wenyewe walienda kumkaribisha. Mtoto ni yule yule na ugonjwa ni ule ule na hata jimbo ni lile lile! Kilichobadilika ni kwamba shule ya pili iliwafundisha wanafunzi kwanza, kabla hajakanyaga, virusi vinaambukizwaje na haviambukizwi vipi, watoto wakaenda nyumbani wakawafundisha wazazi wao. Alifariki Aprili 1990 na miaka 18, alikuwa anakaribia kumaliza shule, na mwaka huo huo Marekani ikapitisha sheria ya kugharamia matibabu ya watu wenye VVU ikapewa jina lake.

Kwa hiyo dada mi naona tusimuulize binti kama yuko tayari, yeye kashasema yuko tayari. Tuiulize shule. Waleteni wataalamu waje wafundishe shule nzima bila kumtaja mtu, kikombe hakiambukizi, dawati haliambukizi, mpira hauambukizi. Waseme na kwamba anaemeza dawa vizuri virusi vikafubaa kabisa hamwambukizi mwenzie hata kwa ngono, watu wazima wengi hili hawalijui. Halafu baada ya hapo yeye aamue.

Mtu wa Nai:

Huku Kenya hiyo maneno tuliiona. Watoto wa Nyumbani, ile home ya mayatima wenye HIV ilianzishwa na padri Angelo D'Agostino mwaka 1992, shule za serikali zilikuwa zinawakataa juu ya HIV, na hiyo ni wakati elimu ya msingi ilikuwa imefanywa ya bure 2003 na kila mtoto anaambiwa aende. Ikabidi home iende kortini dhidi ya serikali, Januari 2004 wakakubaliana watoto waingie. So mama usiogope kupeleka hii maneno juu, kwa mwalimu mkuu, akikataa nenda ofisi ya elimu. Hao watoto hawakuingia shule kwa kuombewa huruma, waliingia kwa sababu ni haki yao. Na huyo msichana mwambie kuna watu Nairobi tunamshikilia.

Mama Mdogo:

Jamani asanteni. Mzaliwa Nao nimemsomea binti ujumbe wako wote, nilipofika kwenye pamba ya kwenye kopo akacheka akasema kumbe wote tunafanya, mi hata sikuwa najua kama yeye anafanya hivyo. Halafu akaomba nimrudie pale pa mama yake.

Nilienda shule na afisa ustawi. Mkuu wa shule mwanzoni alisema ni mambo ya watoto yataisha, afisa akamtajia ile sheria akakaa vizuri kwenye kiti. Wamekubali watu wa kliniki waje kufundisha madarasa yote, na walimu pia maana tumegundua mwalimu mmoja nae alikuwa anasema maneno. Baba mkubwa bado hajakubali lakini ameacha kufoka.

Binti mwenyewe kaamua hivi, mstarini atangoja. Anataka aanze na timu ya netiboli, wao tu, kocha akiwepo. Nikamuuliza kwa nini hao, akasema kwa sababu hao nawahitaji wanipe mpira. Na kasema hotuba anaiandika hivyo hivyo, ikibaki kwenye daftari sawa na akiisoma siku moja sawa.

Sasa nesi nina swali lingine la haraka, amechaguliwa mazoezi ya UMISSETA, yale mashindano ya michezo ya sekondari, ngazi ya wilaya, watalala kambini. Dawa yake ni kile kidonge kimoja cha usiku. Abebeje na je akila chakula cha kambini kwa kuchelewa kuna shida?

Nesi wa Zamu:

Hongera kwake jamani! Hakuna shida, kidonge hicho chenye dolutegravir anaweza kumeza akiwa ameshiba au hajala, cha muhimu ni muda ule ule kila siku. Kama saa tatu usiku kambini kuna watu wengi tunaweza kuhamishia asubuhi anapopiga mswaki, ila aje kwanza tupange wote asijibadilishie mwenyewe. Abebe vya siku zote za kambi na vya ziada vya siku kadhaa, gari za michezo zinachelewa kurudi. Kama ana vidonge vya kuongeza damu au dawa ya kiungulia asimeze kwa pamoja na hicho bila kutuuliza, vinapunguza nguvu yake. Na kopo abadilishe, aje Jumamosi nimpe dogo la plastiki lenye mfuniko unaobana, pamba nyumbani ninayo.