Corolla 110 inakunywa mafuta kama lori, nianzie wapi?

Bodi_Chakavu: Wakuu habari za saizi, nina Corolla 110 injini 5A ya mwaka 98, zamani lita moja nilikuwa napata kilomita 12 sasa hivi 8 inatoka kwa mbinde na ruti ni ile ile Kimara Posta. Plagi nimebadili, ea klina mpya, fundi anasema ninunue injini nyingine, sijui ana kamisheni huko. Msaada jamani

SpanaKumi: Mkuu tulia. Thamostati ipo, ile valvu inayozuia maji ya rejeta mpaka injini ipate joto? Mafundi wetu gari ikichemsha kidogo tu wanaing'oa wanatupa, sasa bila hiyo injini haifiki joto lake la nyuzi 80 na kitu, kompyuta inadhani bado ya baridi inazidi kumimina mafuta. Mshale wa temprecha ukiwa unakaa chini hata baada ya nusu saa ndo hiyo.

Mzee_wa_Gia: Pia ukitoka safari sogeza mkono kwenye rimu moja moja, taratibu usije ungua, iliyo moto kuliko wenzake breki inabana. Na upepo fuata kibandiko cha mlango wa dereva sio kupiga tairi teke 😂

Bodi_Chakavu: Dah mshale kweli haupandi, mi nilikuwa nafurahi eti gari haichemshi

SpanaKumi: Hahaha. Ukishaweka mpya jaza fulu tenki, andika kilomita, tembea wiki, jaza tena sheli ile ile ndo ugawanye kilomita ulizotembea kwa lita ulizojaza. Geji ya dashibodi usiiamini.