Skana ya mikrofilamu: mstari kila ukurasa, na upande mmoja una ukungu

Mpekuzi_Magazeti
Wakuu, habari za kazi. Nanakili Mambo Leo, gazeti la Tanganyika lililoanza mwaka 1923, kutoka roli ya mikrofilamu (filamu yenye picha ndogo za kurasa) ya milimita 35, tena negativu, yaani nyeupe huonekana nyeusi na nyeusi nyeupe. Kila ukurasa una mstari mweupe mwembamba mahali palepale. Safu za kushoto zinasomeka vizuri, za kulia zina ukungu. Juu ya hayo, maandishi yanatokea kinyume, yamegeuka kushoto kulia. Nimezima na kuwasha programu, hakuna kilichobadilika. Nianzie wapi?

FundiLenzi
Anza na mstari, mkuu, maana chanzo chake huenda kinaharibu filamu sasa hivi. Usizungushe roli tena mpaka ukijue. Kukaa palepale hakutoshi kuhukumu: uchafu wa kwenye kioo kinachobana filamu hukaa palepale, na mkwaruzo wa filamu pia, kwa kuwa hufuata urefu wa roli. Toa filamu, shusha kioo, skani kioo kitupu. Mstari ukibaki, ni uchafu.

Vioo ni viwili, cha juu na cha chini ya filamu, nyuso ni nne. Wengi hufuta juu tu wakasahau chini yake. Zima taa, iache ipoe, dondoshea matone mawili ya alkoholi ya isopropili kwenye kitambaa kisichoacha nyuzi (usinyunyizie kioo chenyewe), futa nyuso zote. Chembe moja ya mchanga iliyonasa hapo itakwaruza roli nzima, mita 30 hivi.

Kioo kitupu kikitoka safi, tatizo liko kwenye filamu. Negativu ikishageuzwa kuwa pozitivu (maandishi meusi, karatasi nyeupe), mstari mweupe ni uchafu au mkwaruzo wa upande unaong'aa. Mweusi ni emulsheni (tabaka linalobeba picha) iliyokwanguka, na maandishi ya hapo hayarudi.

Karani wa Nyaraka
Maandishi kinyume: roli imepakiwa upande usio wake. Fuata mchoro wa njia ya filamu ulio kwenye mashine. Kitufe cha kugeuza picha nacho kinafaa.

Ukungu wa upande mmoja ni filamu isiyolala sawa. Hakikisha kioo cha juu kimeshuka mpaka mwisho na filamu imepita chini ya rola zote mbili. Kuza herufi ndogo ya katikati, weka fokasi, kisha kagua pembe nne. Ikiwa bado, nusa roli. Harufu ya siki ni asetati, plastiki ya filamu yenyewe, inayooza. Hujikunja, hailali tena. Usiilazimishe kwa kugandamiza kioo: skani nusu ya kushoto, weka fokasi upya, skani ya kulia. Kisha itenge, kwani mvuke wake huozesha roli za jirani.

Mpekuzi_Magazeti
Mstari umetoka baada ya kufuta uso wa chini wa kioo cha juu. Upande wa kulia, filamu ilikuwa imepita juu ya rola. Asanteni sana. Niskani kwa nukta ngapi kwa inchi?

Karani wa Nyaraka
300, kwa kipimo cha gazeti lenyewe, siyo cha filamu. Kama ukurasa ulipunguzwa mara 14, filamu inasomwa kwa 300 × 14, yaani nukta 4,200. Usipoingiza uwiano huo kwenye programu, namba iliyoandikwa kwenye faili haina maana. Chagua kijivu cha biti 8 (ngazi 256 za kijivu), hifadhi kama faili la picha la TIFF. Nyeusi na nyeupe tupu hupoteza picha za gazeti. Na mwanga uweke kwa mkono, kwa sababu ukingo wa fremu huidanganya mashine inapourekebisha yenyewe.